TAHADHARI: "Dawa ya kantangaze" ya vichupa inayouzwa Tengeru na Usa River

Wakulima wenzangu wa nyanya, Meru, Arusha mjini mpaka Moshi, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anazunguka na pikipiki siku za soko anauza dawa ya kantangaze, yule kiwavi wa nondo anayeharibu nyanya, kwa nusu ya bei ya dukani. Ameijaza kwenye chupa za maji ya kunywa za nusu lita, nyeupe kama maziwa, harufu inakaba koo. Ukiulizia lebo, anakwambia mzigo umepitia Namanga, mpakani na Kenya.

Anachowanasia watu ni lile onyesho lake. Anachuma jani lililoshambuliwa, analipasua kwa ukucha, anamtoa kiwavi na kumdondoshea tone moja. Kiwavi anajikunja, anakufa pale pale, watu wanaanza kuchomoa noti. Jamani, kiwavi aliyetolewa nje hata mafuta ya taa yanamuua! Shambani hakai nje. Anajificha ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama ya katikati mpaka jani linabaki na mabaka kama limebabuliwa na moto, halafu anahamia kwenye tunda. Dawa isiyopenya jani haimpati, hata ulowanishe shamba zima.

Shemeji yangu wa Ngarenanyuki aliipulizia. Kingo za majani zikaungua, wadudu wakabaki. Akampigia muuzaji, akaambiwa aongeze kipimo. Akaongeza. Nyanya alizotegemea kuzipeleka soko la Kilombero mjini Arusha zimeoza shambani, mbegu na mbolea alichukua kwa mkopo, na namba ya yule bwana sasa haipatikani. Inaniuma sana.

Naelewa kwa nini watu wanamwamini. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, tunapiga dawa ile ile msimu hadi msimu, mdudu anaizoea, tunaona za dukani hazifanyi kazi. Dawa zipo, zenye viambato kama klorantraniliproli au emamektini benzoeti, ila zibadilishwe kwa zamu, mitego ya feromoni (harufu inayowavuta nondo dume) itundikwe mapema, na masalia yote yang'olewe na kuteketezwa baada ya mavuno. Bwana shamba wa kata atakupangia zamu hizo bila kukuuzia kitu.

Dawa halali inakuja kwenye kifungashio cha kiwandani ambacho hakijafunguliwa, lebo ina jina la kiambato, namba ya usajili, kipimo kwa bomba moja, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo siku ndizo zinazonitisha zaidi. Nyanya tunaila mbichi kwenye kachumbari, watoto wanaila shambani bila kuosha, na kwenye ile chupa hakuna anayejua kilichomo. Nunua duka la pembejeo lenye kibali, dai risiti.

Kama umeshainunua, usiipulizie na usiimwage kwenye mfereji, kuna watu huko chini wanachota maji ya kunywa. Ifunge vizuri, weka mbali na watoto na chakula, uipeleke ofisi za TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni pamoja na namba aliyokupa. Na wa Himo na Kahe, mkimwona amefika kwenu, toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo kabla hajahama soko.