Kioo kizima, akili hoi: miezi minane na kijiti cha kustrimu

Siku niliyoamua kushika saa, ilichukua sekunde 47. Nilibonyeza programu ya filamu kwenye runinga yangu, skrini ikawa nyeusi, kaduara kakatokea katikati na kuanza kuzunguka, nami nimeikodolea macho simu inavyohesabu. Sekunde 47 ndipo picha za filamu zikajipanga. Kushuka mstari mmoja chini, sekunde nyingine tatu. Kutafuta filamu kwa kuandika jina lake herufi moja moja, hapo bora ukalale.

Runinga yenyewe haina kosa. Ni ya inchi 50, 4K, imeingia mwaka wa saba, na ukiiwekea picha nzuri wageni bado wanauliza umeinunua lini. Kilichochoka ni akili yake. Nilichelewa kuelewa kwamba nilinunua vitu viwili ndani ya fremu moja, kioo na kompyuta, na kila kimoja kinazeeka kwa mwendo wake. Kioo kinaweza kumaliza miaka kumi bila kulalamika. Ile kompyuta iliyofichwa nyuma yake, yenye chipu dhaifu na kumbukumbu ya GB 1.5, ilikuwa inajikongoja tangu mwanzo. Miaka ile programu zilikuwa nyepesi, hivyo aibu yake haikuonekana.

Baada ya hapo ukaja ujumbe kwenye skrini: programu fulani haitafanya kazi tena kwenye runinga hii. Hakuna pole, hakuna maelezo. Nilidhani nimeonewa peke yangu, kumbe mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 2015 YouTube ilifunga njia ya kale ambayo programu zake za kwanza zilikuwa zikipitia, na runinga nyingi za 2012 kurudi nyuma zikaachwa kwenye mataa. Desemba 2019 ikawa zamu ya Netflix: baadhi ya runinga za zamani za Samsung na Vizio zikakatwa, kwa kuwa zilitegemea mfumo wa Microsoft wa kulinda video uliokwisha kupitwa na wakati. Kwenye orodha hiyo hiyo vilikuwemo visanduku vya zamani vya Roku, vile vya kuchomeka kwenye runinga ili vicheze filamu za mtandaoni, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kifaa cha pembeni hakizeeki. Kinazeeka sana. Ila kikifa unakichomoa, unachomeka kingine, na kioo kilichoko ukutani hakijui hata kama kulikuwa na msiba.

Basi nikanunua kijiti cha kustrimu, kidude kidogo unachokichomeka kwenye runinga kikaendesha programu za filamu badala ya akili yake. Sitakitaja jina, maana nina ya kukilalamikia pia.

Kukifunga nilidhani ni kazi ya dakika tano. Runinga yangu imepachikwa ukutani, na tundu la HDMI, lile la kupokelea picha na sauti kutoka kifaa cha nje, linaangalia nyuma. Kati yake na ukuta panapita vidole viwili tu. Kijiti hakikuingia. Ndani ya boksi mlikuwa na kakebo kafupi ka kuunganishia ambako nilikuwa nimekatupa pembeni nikidhani ni mapambo. Ndiko kalikoniokoa, tena mara mbili: kaliposogeza kijiti pembeni kidogo kutoka nyuma ya bati la runinga, waifai nayo ikaacha kukatikakatika.

Kosa la pili lilikuwa uvivu wangu. Kwa nini nivute waya mpaka kwenye soketi wakati runinga ina tundu la USB palepale? Nikachomeka umeme wa kijiti humo. Kikawaka vizuri, nikajisifu. Usiku huo huo, katikati ya filamu, kikazima na kujiwasha upya. Kesho yake tena, mara mbili. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa ampea 0.5 tu, na kijiti changu kimeandikwa kinahitaji ampea 1. Kilikuwa kinakaa na njaa: menyu kinaziweza, ila kikipewa video nzito kinazimia. Nilipokirudishia adapta yake ya ukutani, hakijazima tena mpaka leo. Ukisikia mtu analaani kijiti chake kwamba kinajizima ovyo, muulize kwanza anakilisha wapi.

Sasa kasi. Programu ile ile ya sekunde 47 inafunguka kwa sekunde sita. Nilirudia kupima kwa sababu sikuamini. Kutafuta kwa sauti kunafanya kazi, na filamu niliyoiacha katikati inaendelea palepale. Nikisafiri ninakichomoa na kukitia mfukoni, nikikichomeka kwenye runinga nyingine akaunti zangu zote zimo. Kwa upande huu hakuna ubishi, na kama mtu anataka jibu la haraka kwa runinga iliyozeeka, ndilo hilo: kijiti.

Lakini kwenye picha runinga ilinishangaza. Siku ya kwanza nilipowasha kijiti, rangi zilikuwa zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Nikataka kukirudisha. Kumbe kila tundu la HDMI lina mipangilio yake ya picha, na ile niliyoihangaikia miaka yote ilikuwa ya programu za ndani peke yake. Isitoshe, kwenye runinga nyingi inabidi uingie ndani ya menyu uiambie kwamba tundu hili lipokee ishara kamili ya 4K na HDR (ile inayozidisha uang'avu na rangi), la sivyo unapata nusu ya ulicholipia na hakuna anayekuambia.

Halafu kuna mtikisiko. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na kijiti changu kilikuja kimepangwa kutoa 60. Ishirini na nne haigawi sitini sawasawa, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, mbili, tatu, hivyo hivyo. Kwenye mazungumzo huoni kitu. Kamera ikianza kugeuka taratibu kupita juu ya mandhari, hapo utaona milima inapiga hatua za mlevi. Mdogo wangu ananiambia ninajitafutia ugonjwa, yeye haoni chochote. Mimi nikishaona siwezi kuacha kuona. Dawa yake ni kipengele cha kulinganisha kasi ya fremu, ambacho kwangu kilikuwa kimezimwa na kufukiwa ndani ya menyu tatu. Programu za ndani za runinga zilikuwa zikifanya jambo hili zenyewe, kimyakimya, miaka yote, bila mimi kuzishukuru.

Kuhusu kutumia kebo ya mtandao badala ya waifai watu wanabishana bure. Ni kweli tundu la kebo hiyo kwenye runinga mara nyingi huishia kasi ya Mbps 100, na vijiti vingi havina tundu hilo kabisa. Netflix inapendekeza Mbps 15 kwa 4K. Zinabaki nyingi.

Binamu yangu alikwenda njia nyingine: akachukua kisanduku cha Android kisichojulikana kwao, kimebandikwa stika ya 4K mpaka kwenye rimoti. YouTube ilitoka safi. Filamu za kulipia zikatoka na ukungu, akaja kunilaumu mimi niliyempa wazo. Huduma hizo huangalia kiwango cha Widevine, mfumo wa Google wa kulinda video zisinakiliwe, ndani ya kifaa. Bila kile cha juu, L1, unapewa picha ya kawaida, hata kioo chako kiwe kikubwa kama mlango. Kisanduku chake kilikuwa L3. Stika haikusema hivyo.

Kijiti changu nacho kina adabu mbovu. Nikikiwasha, nusu ya juu ya skrini ni tangazo la kitu nisichokitaka, na likiachwa kidogo linaanza kucheza lenyewe. Nimezima nilichoweza kuzima. Runinga nayo si malaika: nyingi zina kipengele cha kutambua kinachoonekana kwenye kioo, hata kama kinatoka HDMI, na kupeleka taarifa kwa mtengenezaji. Mwaka 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kumaliza kesi ya kukusanya taarifa hizo bila ridhaa ya watazamaji. Mimi nimekata mzizi upande mmoja. Runinga yangu siku hizi haijui nywila ya waifai, imebaki kioo. Kijiti kinanichungulia, lakini angalau ni mchunguzi mmoja badala ya wawili.

Mahali nilipotaka kuwa fundi wa ukoo ni kwa mama. Runinga yake ina miaka miwili, programu zake zinafunguka bila kusuasua, ila nilikwisha kunogewa, nikampelekea kijiti kama changu. Nikawasha HDMI-CEC ili rimoti moja itawale vyote (Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync, maana kila mmoja alitaka kumbatiza mtoto yule yule). Nikaondoka natembea kifua mbele.

Siku ya tatu simu ikaita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, TV imekufa. Imeandika hakuna mawimbi.”

“Umebonyeza kubadilisha tundu. Chukua ile rimoti kubwa...”

“Kubwa ipi? Zote nyeusi.”

“Ile yenye namba.”

“Ile uliniambia nisiiguse.”

Ni kweli, nilimwambia. Tulikwenda hivyo dakika ishirini, yeye akinisomea maandishi ya skrini moja baada ya jingine kama anasoma barua ya mahakama. Simu ya pili ikaja wiki iliyofuata, tatizo ni lile lile. Ya tatu haikuja. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta ameketi, rimoti yake moja yenye namba mkononi, anatazama tamthilia yake kwenye programu ya ndani ya runinga. Juu ya meza kulikuwa na bahasha, ndani yake kijiti, adapta, rimoti ndogo na hata kale kakebo kafupi, vyote vimepangwa vizuri.

“Mdudu wako huyo,” akasema, bila kugeuza macho. “Mpe mwenye shida.”

Nimempa binamu. Ukungu umekwisha, ila umeme wake ameuchomeka kwenye USB ya runinga, na jana ameniandikia kwamba kinajizima chenyewe.