Mbwa mzima anakojoa ndani: kumtoa nje kwa ratiba au kumtandikia pedi ya kunyonya mkojo?

Kabla ya yote: kama alikuwa msafi miaka yote na ghafla ameanza kukojoa sebuleni, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimgombeze. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na matatizo ya figo hujitokeza hivyohivyo.

Akiwa hana ugonjwa, kwa gharama ratiba inashinda, maana unachotoa ni muda wako. Atoke akiamka, akishakula na kabla ya kulala. Akimaliza haja, mpe kitu kitamu palepale, si mkisharudi ndani. Pedi utanunua leo, utanunua tena na tena.

Kwa uhakika ni ratiba pia, ila lazima mtu awepo nyumbani. Ukiondoka alfajiri ukarudi usiku, mbwa hana ujanja; hapo pedi inaokoa, hasa kwa mbwa mzee asiyeweza kubana mkojo. Kasoro yake ni kwamba wengine hawatofautishi pedi na zulia. Wangu alikuwa anaweka miguu ya mbele kwenye pedi, ya nyuma sakafuni, kisha ananitazama kama aliyetimiza wajibu.

Usafi? Kote utapiga deki. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mkojo na harufu yake. Yenye amonia inanuka kama mkojo na inamrudisha palepale.

Mwenye uwanja na nafasi ya kushinda nyumbani, achukue ratiba. Wa ghorofani anayechelewa kurudi, pedi si aibu.