Sake ya Fushimi nimeipenda, mhudumu sijamsamehe

Nilikaa siku kadhaa bila kuandika nikidhani hasira itashuka. Haijashuka.

Majuzi, siku za mvua, nilikwenda Fushimi, kusini mwa Kyoto, kwenye duka linalouza sake, pombe ya mchele ya Kijapani, na kuonjesha. Unalipa, unawekewa vikombe vitatu, unaelezwa. Hayo maelezo ndiyo niliyoyafuata, maana sake naipenda na nataka kuijua.

Cha kwanza daiginjo, ile ambayo punje ya mchele hukobolewa mpaka inabaki nusu yake au pungufu. Baridi, nyepesi, inanukia tikiti lililoiva. Nilifurahi kweli.

Cha pili ndicho kilichoniharibia siku. Namazake, yaani sake mbichi isiyopitishwa motoni. Hiyo lazima ikae kwenye friji. Kijana yule aliichukua juu ya kaunta, karibu na dirisha, chupa imebaki robo na haina hata tone la jasho. Kikombe ni kile cheupe chenye miviringo miwili ya buluu chini, iliyochorwa makusudi ili uone kama kinywaji ni safi. Buluu ilikuwa imefifia kwa umanjano. Nikanusa: karanga zilizovunda.

Nikamwambia kwa adabu, "Samahani, nadhani hii imeharibika." Hakuinusa! Alitabasamu, akamgeukia mteja wa pembeni, akamwambia wageni hawajazoea sake halisi. Kijapani changu kinatosha kabisa kuelewa maneno hayo.

Mimi nimelelewa Kibosho na bibi aliyepika mbege. Tangu ndizi zinachemshwa hadi kimea cha ulezi kinatiwa, nilikuwa pembeni yake, na kwa pua tu nilijua mbege ya leo na mbege iliyolala. Koji, ukungu unaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari, hufanya kazi ile ile ya kimea. Leo niambiwe sijui kinywaji kilichoharibika? Nilishaamua: nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya daiginjo.

Kikombe cha tatu kikaletwa na mama mmoja mtu mzima kutoka nyuma. Kabla ya kumimina alinipa maji matupu ya kisima. Akaniambia maji ya Fushimi ni laini, yaani madini yake ni machache, chachu huenda taratibu, ndiyo maana sake yao hushuka kooni bila kukwaruza. Kule Nada, eneo jingine la Japani linalopika sake, maji ni magumu, chachu hupamba moto, na sake hutoka kali, kavu. Ndipo akamimina junmai, isiyoongezwa spiriti, aliyoipasha kwa kuzamisha chupa kwenye maji ya moto. Jamani. Ilinukia wali unapokaribia kuiva, sufuria ikifunuliwa. Nilifumba macho.

Alipokiona kikombe changu cha pili kimejaa, alikinusa mara moja, akakimwaga kwenye sinki, na ile chupa akaiondoa. Hakusema neno.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mama yule nampa tano. Duka, labda tatu; nikikumbuka lile tabasamu narudi mbili. Ukienda, namazake itolewe kwenye friji unaona kwa macho yako.

Nilinunua chupa ya ile junmai. Kijana ndiye aliyeifunga kwenye karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili na kuinama kama desturi yao ilivyo. Samahani hakuisema.