Mashine ya CPAP kwa bi mkubwa aliyewahi kupata bonge la damu mguuni: nyota nne

Naandika kwa wenye wazazi watu wazima wanaofikiria kununua CPAP, ile mashine inayopuliza hewa kupitia maski ili njia ya hewa isizibe usingizini. Sisi tunatumia ResMed AirSense 10 ile ya oto, mtumiaji ni bi mkubwa, yaani mama yangu, ana miaka 71, alikuwa anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia halafu ghafla kimyaaa, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa. Ila kilichotupeleka hospitali wala sio kukoroma, ni mguu. Ulivimba mmoja tu, ukawa wa moto, altrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa ndani, akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Daktari ndo akauliza huyu mama analalaje, akafungiwa kipimo cha usiku, majibu yakatoka pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa saa, na kuanzia 30 inahesabika kali.

Alivyotuelewesha ni kwamba kila pumzi inapokatika oksijeni inashuka na presha inaruka, sasa hali hiyo ikijirudia usiku kucha chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha) zinakuwa nyepesi kugandana na faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, inaweza kupanda, ongeza umri, uzito na kukaa kwenye kiti kutwa. Hakusema kukoroma ndo kumeleta bonge, alisema ni moja ya vitu vya kushughulikia.

Mashine yenyewe kiukweli naipenda. Inapuliza hewa kwa presha ya kuanzia sentimita 4 mpaka 20 za maji, inapandisha na kushusha yenyewe kulingana na anavyopumua, haina kelele, na ukiwasha inaanza mdogo mdogo mpaka usingizi umchukue. Asubuhi kwenye kioo unaona saa alizotumia na kauso ka kijani kanakotabasamu kama maski ilikaa vizuri, bi mkubwa hanywi chai kabla hajakaangalia. Safari za chooni usiku zimepungua sana, na mchana hasinzii tena katikati ya maongezi.

Shida ilikuwa maski. Dukani aliijaribu akiwa amekaa, na meno yake ya bandia yapo mdomoni, ikamkaa safi kabisa. Usiku anayavua, mashavu yanaingia ndani, hewa inavuja pembeni inampiga machoni, anaamka macho mekundu. Tukabadilisha ile kubwa ya pua na mdomo tukachukua ya puani tu pamoja na mkanda wa kidevu, ndo ikatulia. Umeme ukikatika nayo inazima maana haina betri ndani, na tiba inakata hapo hapo, tumelazimika kununua betri ya pembeni na tunazima kile cha kupasha maji ya kulainisha hewa kwa sababu kinakula chaji balaa.

Nyota moja niliyoipunguza haihusu mashine kabisa, inamhusu aliyetuuzia, jina siweki. Huyu bwana alimwambia mama yangu machoni pake eti ukitumia hii hata vidonge vya damu utaacha. Jamani! Mtu mzima anasikia hivyo, amechoka kutobolewa kila mara kupima INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda), si ataacha kweli? CPAP inafungua njia ya hewa, haiyeyushi bonge na haishiki nafasi ya dawa. Hata kwenye moyo na kiharusi, utafiti mkubwa wa SAVE uliotoka 2016, watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukukuta CPAP imepunguza matukio hayo ukilinganisha na matibabu ya kawaida peke yake. Wastani wao ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku, kwa hiyo wengine wanasema hawakuvaa vya kutosha, ila kusinzia mchana kulipungua na walijisikia nafuu. Kwa hiyo nunua kwa ajili ya usingizi na pumzi, hapo inafanya kazi kwelikweli, na vidonge aviguse daktari peke yake.

Ukienda kununua nenda na mgonjwa mwenyewe, mwambie avue meno, alale chali na ubavu palepale dukani, mashine iwashwe. Muuzaji akikataa kuwasha, tafuta duka lingine. Na mguu mmoja ukivimba au kifua kikibana ghafla na pumzi kuwa fupi, mkimbizeni hospitali hiyohiyo saa, hata kama kauso asubuhi kalikuwa ka kijani.