Mashine ya kujazia risasi: ikikwama, usiwapigie simu

"Vuta kwa nguvu kidogo, itaachia tu." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na kijana wa huduma kwa wateja nilipomweleza kwamba fataki, yaani kile kikopo kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, imekwama kwenye mashine yangu na mkono wa mashine haushuki. Nikikumbuka, damu inanichemka hadi leo.

Asiyejaza risasi huenda asielewe nakasirikia nini. Katika vyote vinavyoingia kwenye risasi, fataki ndiyo yenye kisirani. Baruti husubiri moto. Fataki imeundwa ilipuke kwa kugongwa. Kwenye mashine hizi za sahani inayozunguka ikibeba maganda ya risasi, fataki hadi 100 hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya mrija mmoja. Moja ikilipuka kwa kubanwa inaweza kuziwasha zote zilizo juu yake, na mrija wenyewe uko karibu na uso wako. Ndiyo maana umevishwa bomba la chuma. Waliounda mashine, hatari hii wanaijua vizuri sana, halafu mtu wao ananiambia niongeze nguvu!

Nikamwuliza, "Ndugu yangu, umewahi kujaza risasi wewe?" Akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, kwamba wateja wengine hawalalamiki, na kama naogopa kuvuta mkono wa mashine basi nisukume kutoka juu kwa bisibisi. Bisibisi! Nikakata simu.

Nikafuata nilivyofundishwa na mzee aliyenionyesha kazi hii. Miwani ya kukinga macho ilikuwa usoni tangu mwanzo. Kwanza chombo cha baruti nikakiondoa kabisa mezani. Mrija nikauchomoa taratibu, uso pembeni, na fataki zilizobaki zikatoka zenyewe bila kuchokonolewa. Kisha nikaondoa maganda yote kwenye sahani, hata yale yaliyoonekana hayana kasoro, na baruti yake nikaimwaga. Hapa wengi huona uvivu, na hapa ndipo penye balaa. Mashine ikishasimama katikati ya mzunguko, huwezi kuapa ganda lipi limepata baruti, lipi limerukwa, lipi limepata mara mbili. Kwa lile lililorukwa, fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa cha risasi kikaganda ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Lililopata mara mbili linaweza kuvunja bunduki yenyewe, nawe umeishika.

Ile fataki niliikuta imelala ubavu, imenaswa na ukingo mkali ambao kiwandani hawakuulainisha kwenye kitelezi, kile kipande kinachopeleka fataki moja moja kwenye ganda. Kosa ni lao, wala si la mkono wangu.

Haki niiseme pia. Kitelezi kipya walinitumia bila ubishi, na tangu hapo mashine inakwenda laini ajabu. Risasi zinatoka zikiwa na urefu uleule, moja baada ya nyingine. Kwa kazi peke yake ningeipa nyota nne, na nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Lakini namfikiria mtu aliyenunua mashine yake ya kwanza, hana mzee wa kumwuliza, anampigia yule kijana na kumwamini kwa sababu ndiye sauti ya kampuni. Huyo atachukua bisibisi. Basi nyota moja, na haitaongezeka hadi wamwondoe kwenye simu au wamfundishe fataki ni nini.