Monita ya inchi 24 niliyonunua Kariakoo, na damu ya mzee iliyotoka nyeusi

Nianze na kadi, maana bila zile kadi nisingeandika chochote kuhusu monita.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi: za mchango, za mwaliko, za sendofu. Nafanyia nyumbani, Mbagala, kwenye meza iliyo kando ya dirisha. Miezi kadhaa iliyopita kioo changu cha zamani, kile kidogo cha waya wa VGA wenye kichwa cha buluu, kilianza kupiga mstari katikati. Nikaenda Kariakoo na laki nne na nusu, nikarudi na monita mpya ya boksi, waya wake wa HDMI ndani. Jina la duka silitaji, na aina ya monita pia siitaji. Namba zake zote zimeandikwa kwenye boksi, anayezitaka atazisoma.

Siku ya kwanza nilifurahi kweli. Kadi nzima, mbele na nyuma, naiona bila kusogeza kitu. Ila kulikuwa na jambo linanisumbua, kana kwamba kuna mtu kapuliza unga kwenye kioo. Nikafuta kwa kitambaa laini. Nikafuta tena. Nyeusi haikuwa nyeusi, ilikuwa kama mkaa uliolala ukawa majivu. Nyeupe nayo haikung'aa, ilikuwa kama shuka lililofuliwa kwa maji ya chumvi. Nikasema labda vioo vipya ndivyo vilivyo, macho yatazoea.

Ikaja kazi ya harusi moja ambayo sare yake ilikuwa damu ya mzee. Mnaijua rangi ile: nyekundu iliyokomaa, ina giza lakini ina uhai ndani yake. Kwenye kioo changu kipya ilionekana imepauka kama tofali la kuchoma lililokaa juani. Nikaongeza giza kidogo. Bado. Nikaongeza tena, nikaongeza na wekundu, mpaka nikaona hapa sasa ndiyo yenyewe. Nikapeleka kwa mchapaji kadi 250.

Zilipotoka nilikuwa sijazitazama vizuri, nilikuwa nakimbizana na muda. Mama wa bibi harusi alikuja kuzichukua mwenyewe, akiwa na kipande cha kitambaa cha sare kwenye pochi. Akakilaza mezani, akaweka kadi pembeni yake, akanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, bila kugomba: "Mwanangu, hizi ni za harusi au za msiba?"

Zilikuwa nyeusi. Ukiinamisha kadi kwenye mwanga ndipo unaona wekundu kwa mbali. Maua niliyochora kwenye kona, yale niliyoyahangaikia siku mbili, yalikuwa yamezama humo humo. Sikuwa na la kusema. Nikazirudia kwa hela yangu, faida ya kazi hiyo na nyingine mbili zikaishia hapo. Mchapaji sikumlaumu, maana kazi zake nazijua miaka mingi. Kioo changu cha zamani, pamoja na ubovu wake, tulikuwa tunaelewana: nikiona rangi hivi, najua kwa mchapaji itatoka vile. Hiki kipya kilinidanganya.

Basi nikakirudisha kwenye boksi na sponji zake zote, nikapanda nacho bajaji mpaka Kariakoo.

Dukani nilimkuta kijana mwingine, fundi wao, mwenye umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikamsalimu vizuri. Nikamweleza: rangi zimepauka, nyeusi ni ya kijivu, nimepata hasara. Hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza natumia kompyuta gani, waya gani, wala nimeweka setingi zipi. Alikichomeka kioo kwenye laptop yake, picha ikatoka safi, nyeusi kama masizi. Nilishangaa, na nadhani mshangao wangu ndio ulimpa nguvu. Akageukia wateja waliokuwa kaunta, akasema kwa sauti: "Kioo kizima kabisa. Mama, macho yako ndiyo mabovu, kapime." Watu wakacheka. Kisha akanionyesha kidole kwenye risiti, chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimefanya kazi ya rangi miaka kumi na moja. Ninaweza kukutofautishia damu ya mzee na zambarau iliyoiva gizani nusu. Niambie sijui kompyuta, nitakubali, sikusomea. Niambie sina hela, ni kweli pia. Lakini macho yangu ndiyo jembe langu, na kijana aliyatukana mbele ya watu ambao kesho wanaweza kuwa wateja wangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimelikumbatia lile boksi natetemeka. Usiku ule ule nilitaka kuandika kwamba monita hii ni takataka, mtu asiiguse.

Ningeandika hivyo, ningekuwa nimesema uongo.

Yuko kijana tunakutana naye kwenye kazi za harusi, yeye anarekodi na kuhariri video. Alipita nyumbani kuchukua kadi ya dada yake, akakitazama kioo kwa mbali, hata hajakaa, akasema: "Dada, kompyuta yako inadhani hii ni TV." Nikadhani ananitania. Akaomba mausi. Akafungua programu ya kadi ya grafiki, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotuma picha kwenye kioo, siyo menyu ya vitufe vya monita. Akaingia sehemu ya mipangilio ya rangi, akashuka mpaka kwenye mstari mmoja uliokuwa umeandikwa "Limited", yaani rangi zilizobanwa. Akabadilisha ikawa "Full", yaani kamili. Akabonyeza kukubali.

Kioo kikazima kwa sekunde moja, kikawaka. Na ule unga wote ukawa umeondoka. Nyeusi ikashuka mpaka chini, nyeupe ikapanda. Faili ya zile kadi ilikuwa bado iko wazi, na pale pale, kwa macho yangu haya haya yaliyoambiwa mabovu, nikaona kile alichokiona yule mama: kadi nyeusi. Kadi za msiba. Kioo sasa kilikuwa kinanionyesha ukweli, na mimi nikalia. Kijana wa watu hakujua afanye nini, akaenda kusimama mlangoni.

Alinieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa, maana hakuna aliyeniambia wakati inanigharimu. Kompyuta huipa kila rangi ya msingi, nyekundu, kijani na buluu, ngazi kuanzia 0 hadi 255. Sifuri ni giza tupu, 255 ni mwanga wote. Dunia ya televisheni ina desturi nyingine, iliyowekwa kwenye kanuni ya kimataifa ya video ya dijitali tangu 1982: nyeusi iko kwenye 16 na nyeupe iko kwenye 235, ngazi za chini na za juu zimeachwa wazi kama pembezoni za karatasi, ili mawimbi yakizidi kidogo yasikatwe. TV inalijua hilo, inainyoosha picha yenyewe. Sasa waya wa HDMI ulizaliwa kwa ajili ya TV, na umbo la picha la 1920 kwa 1080 ni umbo la TV pia. Kwa hiyo zipo kompyuta ambazo zikiona HDMI na namba hizo zinajiamulia kwamba upande wa pili kuna TV, zinatuma rangi za kati ya 16 na 235 tu. Monita inayosubiri 0 mpaka 255 inazipokea kama zilivyo. Ikipewa 16 inaonyesha 16, yaani kijivu, na nyeusi halisi haiioni kabisa. Mkaa unakuwa majivu.

Ndiyo maana kioo changu cha zamani hakikuwa na shida: kilitumia VGA, waya wa analogi uliotoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, mambo hayo ya ngazi za TV hayamo. Na ndiyo maana kwenye laptop ya yule fundi picha ilikuwa safi. Laptop yake ilikuwa inatuma rangi kamili. Alikuwa sahihi kwamba kioo ni kizima! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikuwa sahihi. Alikuwa na nusu ya jibu mkononi, na swali moja tu, "nyumbani umechomeka kwenye nini?", lingemalizia nusu iliyobaki. Akaona kuchekesha watu ni rahisi zaidi.

Jambo jingine kijana aliloniambia, liandike pembeni: monita nyingine nazo zina setingi hii hii ndani ya menyu yao ya vitufe, na pande mbili lazima zikubaliane. Kompyuta ikituma kamili huku monita inasubiri za TV, kosa linageuka: giza linameza kila kitu. Suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa doa moja, mshono huuoni, kola huioni.

Baada ya hapo nikapata ujasiri wa kukaa na menyu ya monita yenyewe, ile iliyonitisha mwanzoni kwa maneno yake. Nikagundua dukani waliiacha kwenye mwanga 100 kwa 100, kwa sababu chini ya taa zile za dukani kioo kinachowaka sana ndicho kinachouzika. Nimeushusha mpaka karatasi nyeupe niliyoishika pembeni ya kioo na ukurasa mweupe vikalingana, na kichwa kilichokuwa kinaniuma jioni kimeacha. Ukali wa herufi walikuwa wameupandisha, kila herufi ilikuwa na ukingo mweupe kama imekatwa kwa mkasi, nimeurudisha katikati. Kuna hali ya michezo, ya filamu, na moja imeandikwa sRGB. Hiyo ya mwisho ndiyo yangu. Ni kipimo cha rangi kilichotolewa mwaka 1996 ili skrini tofauti zikubaliane, na picha za mtandaoni kwa kawaida zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Zile nyingine zinazitia rangi chumvi. Na ile kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, ya mamilioni iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isikusisimue, inapatikana kwa kioo kupandisha na kushusha taa yake ya nyuma kadiri picha inavyobadilika. Kwa mtu wa rangi hiyo ni balaa, izime.

Kwa hiyo monita ni nzuri. Nimesema. Damu ya mzee sasa naiona damu ya mzee. Kile kipande cha kitambaa yule mama aliniachia siku ya kuchukua kadi mpya, nimekibandika kwa gundi kwenye ukingo wa kioo, kushoto, na kila asubuhi nafungua ile faili nalinganisha kabla sijagusa kazi ya mtu. Kadi za pili zilimpendeza. Aliishika moja kifuani juu ya kitenge akaniambia, "Hapa sasa." Nilikuwa tayari kuipa monita nyota zote tano na kusamehe mengi.

Halafu juzi kompyuta ikajisasisha usiku. Asubuhi nakaa mezani na chai yangu, kitambaa kiko pale, na rangi ya kwenye kioo imepauka tena kama tofali. Programu ya kadi ya grafiki ilikuwa imerudi kwenye "Limited" bila kuniuliza. Safari hii sikufuta kioo. Nilijua pa kwenda, nilibadilisha kabla chai haijapoa. Lakini hasira ilirudi yote, kana kwamba ni siku ile ile kaunta. Wangapi wamekaa sasa hivi mbele ya kioo kama hiki wakidhani ni macho yao? Mwanafunzi anayejifunza kupiga picha, mshonaji anayechagua kitenge mtandaoni, mtu wa kadi kama mimi. Kwa nini mstari mmoja wenye uwezo wa kuharibu kadi 250 unafichwa kule chini? Na kwa nini kikaratasi cha ndani ya boksi kinakufundisha kufunga skurubu nne za stendi kwa michoro sita, lakini hilo hakisemi?

Kwa hiyo nyota tano sitoi. Nne, kwa kioo chenyewe. Pengine tatu, nikikumbuka bajaji ile. Kwa duka sitoi hata moja, na hapo sibadiliki.

Ukienda kununua, usikubali wakuonyeshe kwa mashine yao. Beba sipiyu yako, hata kama ni nzito, waichomeke kwa waya ule ule utakaotumia nyumbani. Fungua picha nyeusi tupu, weka na picha moja ambayo rangi zake unazijua kama unavyomjua mwanao, utazame kabla hujatoa hela. Wakikuambia hawana muda, beba mashine yako uende duka la pili. Kariakoo yapo mengi.