Mshahara wa chini Marekani: saini za jimboni au simu kwa seneta?
Wanaharakati wa Marekani hawaishi kubishana: nguvu ziende jimboni au Washington?

Kwa gharama, simu inashinda. Unapiga ofisi ya seneta, karani anaandika jina na hoja yako, basi. Kura ya maoni ya jimbo, ambapo unakusanya saini za wapiga kura ili hoja yako ipigiwe kura na wananchi, hula pesa na viatu: unasimama nje ya duka na fomu zako juani, halafu saini ya asiyejiandikisha kupiga kura inatupwa.

Kwa matokeo, mambo yanageuka. Kima cha chini cha kitaifa kimekwama dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa dola 15, Seneti ikaukalia. Florida, ambako Trump alishinda kwenye uchaguzi wa 2020, siku hiyohiyo ilikubali kufika dola 15 kwa takriban asilimia 61, tena ndani ya katiba ya jimbo.

Hiyo katiba ina maana: wabunge hawawezi kuifuta peke yao kama sheria ya kawaida. Missouri walipitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo mwaka 2024 kama sheria ya kawaida. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaifuta.

Uko Texas au New York? Wananchi huko hawana njia ya kupeleka hoja yao kwenye kura ya jimbo zima, kwa hiyo shika simu, na wabunge wa jimbo usiwasahau. Uko Missouri na una watu wa kujitolea? Anza na saini, ila weka akiba ya kulinda sheria yako ikishapita.